Kupanga anwani za IP za klasta ya Kubernetes: ofisi Dar es Salaam, klasta Johannesburg

Klasta nyingi zinazokwama hazikwami kwa kukosa CPU wala kumbukumbu. Zinakwama kwa sababu anwani za IP zimeisha, au kwa sababu anwani za klasta zimegongana na za ofisini. Yote mawili yangeonekana kwa karatasi na kalamu siku ile klasta inaundwa. Mashine unaongeza saa yoyote. Safu ya anwani ikishagawiwa ni kama kiwanja kilichokwisha kuwekewa bikoni: mpaka unaweza kusogezwa, ila kuna cha kubomoa kwanza.

Mwongozo huu ni wa fundi wa mifumo aliyeko Dar es Salaam ambaye klasta yake ya Kubernetes, yaani kundi la mashine zinazoendesha programu kwa pamoja, inakaa kwenye wingu. Tumetumia GKE, huduma ya Kubernetes ya Google Cloud, katika kanda ya africa-south1, Johannesburg. Wenye klasta AWS (af-south-1, Cape Town) au Azure (South Africa North) wataona karibu na mwisho ni wapi hesabu inabadilika.

Mfano wetu ni kampuni inayouza vipuri vya magari. Ofisi iko Kijitonyama, duka Kariakoo, ghala Vingunguti. Mfumo wa oda na malipo uko kwenye klasta, lakini hifadhidata ya stoo bado inakaa kwenye seva ya ofisini, kwa hiyo klasta na Kijitonyama lazima ziongee kwa VPN. Hali hii ni ya kawaida sana mjini hapa, na ndiyo inayofanya mpangilio wa anwani uwe kazi ya kutuliza kichwa. Na kwa kuwa taarifa za wateja zitavuka mpaka, mwanasheria wenu asome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla ya fundi kuandika amri ya kwanza.

## Anwani za aina tatu

Klasta inakula anwani kutoka safu tatu tofauti.

Nodi, yaani mashine zenyewe, huchukua anwani kutoka safu kuu ya sabneti (kipande cha mtandao). Podi, yaani vifurushi vidogo vya kontena vinavyobeba programu, huchukua kutoka safu ya pili ya sabneti hiyohiyo. Huduma, yaani zile Service za Kubernetes zinazoipa kundi la podi anwani moja isiyobadilika, huchukua kutoka safu ya tatu. Anwani za huduma haziko kwenye kadi ya mtandao ya mashine yoyote. Ni kanuni zilizoandikwa ndani ya kila nodi, na nje ya klasta hakuna anayezijua.

Hii ya mwisho ina faida yake. Kwa kuwa safu ya huduma haionekani nje, GKE imeanza kutoa safu yake yenyewe, 34.118.224.0/20 (namba baada ya mkwaju ni ukubwa wa safu; ikipungua kwa moja, anwani zinakuwa mara mbili), kwa klasta mpya ambazo mwenyewe hakutaja safu: za Autopilot, ambazo nodi zake husimamiwa na Google, kuanzia toleo 1.27 na za kawaida kuanzia 1.29. Ukikuta huduma zako zinaanza na 34.118, usishtuke ukadhani ziko wazi kwa dunia nzima. Sisi tunapendelea kutaja safu wenyewe, kwa sababu anayesoma logi saa 8 usiku anatambua mara moja kwamba anwani fulani ni ya kwetu.

## Hesabu ya podi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Watu wengi huhesabu podi, wakapata 300, wakasema safu ya /23 yenye anwani 512 inatosha na chenji inabaki. Haitoshi. GKE haigawi anwani kwa podi mojamoja. Kila nodi inapozaliwa hukatiwa kipande kizima cha safu ya podi, na kipande hicho ni chake hata kama imebeba podi tatu tu. Ukubwa wa kipande unategemea ukomo wa podi kwa nodi:

```
ukomo wa podi     kipande cha nodi    anwani
hadi 8            /28                 16
9 – 16            /27                 32
17 – 32           /26                 64
33 – 64           /25                 128
65 – 128          /24                 256
```

Kipande ni angalau mara mbili ya ukomo, na kuna sababu. Podi zinakufa na kuzaliwa kila wakati. Anwani ikirudishwa na kutolewa tena papo hapo, maombi yaliyokuwa yanaelekea kwa podi iliyokufa yataangukia kwa podi nyingine isiyohusika. Nafasi ya ziada inaipa anwani muda wa kupoa.

Usipotaja kitu, ukomo ni podi 110, na kila nodi inachukua /24. Kwa hesabu hiyo, safu ya /20 yenye anwani 4,096 inaisha kwenye nodi ya 16, hata kama kila nodi ina podi kumi.

Sasa turudi kwenye duka letu la vipuri. Tunatarajia podi 300 wakati wa kilele, na kwa ukubwa wa mashine tulizochagua kila nodi inabeba kama podi 25 za programu. Hiyo ni nodi 12. Tunazidisha kwa 4 kwa ajili ya ukuaji: nodi 48.

Tukiacha 110, nodi 48 mara 256 ni anwani 12,288, kwa hiyo tunahitaji /18. Tukiweka 32, ni 48 mara 64, sawa na 3,072, na /20 inatosha. Inavutia. Lakini podi 25 za programu si podi zote za nodi. Kila nodi ina podi za mfumo pia: za logi, za vipimo, za DNS, za diski. Kulingana na ulichowasha, hizo zinaweza kufika kumi. Kumi na 25 ni 35, na ukomo wetu ni 32. Nodi itakuwa na CPU tele huku podi zinasubiri nje. Kwa hiyo tunachagua 64: nodi 48 mara 128 ni 6,144, na safu ya /19 yenye anwani 8,192 inatupa nafasi ya nodi 64.

Zile nodi 16 za ziada si anasa. Unaposasisha toleo la Kubernetes, GKE huongeza nodi mpya kabla ya kuondoa ya zamani, na nodi hiyo mpya inahitaji kipande chake cha anwani. Safu ikiwa imejaa hadi mwisho, usasishaji unasimama katikati, nusu ya nodi toleo jipya na nusu la zamani. Ukitumia njia ya kusasisha kwa makundi mawili sambamba, ile ya bluu na kijani, kundi zima linarudufiwa kwa muda, na nodi 20 zinataka vipande 40.

Ukomo wa podi huwekwa wakati kundi la nodi linaundwa na haubadiliki tena kwa kundi hilo. Ukikosea, utaunda kundi jipya na kuhamisha mizigo.

Safu ya nodi ni rahisi. Google hushikilia anwani 4 katika kila safu kuu, kwa hiyo /24 inakupa nodi 252. Safu hii ndiyo pekee yenye huruma, maana inaweza kupanuliwa baadaye bila kuzima chochote, ingawa haiwezi kupunguzwa. Kwa huduma, kila Service yenye anwani yake hula moja; /22 ina 1,024, na kwa kampuni ya kawaida hiyo ni miaka mingi.

## Safu za kukwepa ukiwa Dar

Anwani za ndani zinatoka kwenye mafungu matatu ya RFC 1918 ya mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Kabla ya kuchagua, zunguka ofisi zote na uandike kila safu inayotumika. Usitegemee kumbukumbu ya mtu. Ingia kwenye ruta yenyewe.

Fungu la 192.168 liachie ofisi na majumbani. Ruta nyingi za nyumbani zinakuja na 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24, na vile viruta vya Huawei vya laini ya simu vinatoa 192.168.8.0/24. Mhandisi wako atakapofanya kazi akiwa nyumbani Mbezi au Kigamboni, kompyuta yake itadhani seva ya Johannesburg iko sebuleni kwake, na pakiti hazitatoka mlangoni. Kwa sababu hiyohiyo, ofisi ikiwa bado kwenye 192.168.1.0/24, ihamishe kwanza. Katika mfano wetu Kijitonyama ni 192.168.10.0/24, Kariakoo 192.168.20.0/24, Vingunguti 192.168.30.0/24.

Kwenye fungu la 172, jihadhari na 172.17.0.0/16, ambayo Docker, programu ya kuendesha kontena, huichukua yenyewe kwenye kila kompyuta inapowekwa. Ukiipa sabneti safu hiyo, kompyuta za wahandisi wenye Docker ndizo zitakazoshindwa kuifikia, na zisizo na Docker zitafika vizuri, na mtapoteza siku nzima mkitafuta uchawi. OpenVPN nayo kwa kawaida hutumia 10.8.0.0/24.

Halafu kuna 100.64.0.0/10, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano. GKE inaruhusu podi kulitumia, lakini litazame kwa jicho jingine: angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta ya ofisi. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ofisi haina IP ya umma ya kwake. Inashiriki na wateja wengine wa kampuni hiyo. Omba IP ya kudumu sasa hivi, kwa sababu VPN tutakayojenga haiwezi kusimama bila hiyo, na kuipata kunaweza kuchukua siku kadhaa za barua pepe.

La mwisho, na ndilo husahaulika: benki na wabia wengine. Mkitarajia kuunganishwa na benki kwa VPN, waulizeni mapema wanatumia safu gani na wanakubali anwani za namna gani kutoka kwenu. Ndani kwao mara nyingi ni fungu la 10, na wao hawatahama kwa ajili yenu.

Baada ya hayo tumechagua 10.40.0.0/13, yaani kutoka 10.40.0.0 hadi 10.47.255.255, kuwa mali ya wingu peke yake:

```
10.40.0.0/24     nodi, klasta kuu
10.41.0.0/22     huduma, klasta kuu
10.44.0.0/19     podi, klasta kuu
10.44.32.0/19    akiba ya podi, klasta kuu
10.42.0.0/25     nodi, klasta ya majaribio
10.43.0.0/23     huduma, klasta ya majaribio
10.46.0.0/20     podi, klasta ya majaribio
```

Kuweka kila kitu ndani ya /13 moja kuna faida kubwa kwenye ruta ya ofisi: njia moja na kanuni moja ya faiwolo zinatosha kwa wingu zima. Andika jedwali hili kwenye faili na ulihifadhi pamoja na msimbo wa mfumo. Likikaa kwenye simu ya mtu mmoja, litaondoka naye siku akihama kazi.

## Kuunda mtandao na klasta

Usitumie mtandao ule unaokuja tayari na mradi mpya. Huo una sabneti katika kila kanda ya Google, zote ndani ya 10.128.0.0/9, na nusu nzima ya fungu la 10 inakuwa imeshikwa na sabneti ambazo hutazigusa kamwe.

```
gcloud compute networks create mtandao-kuu --subnet-mode=custom

gcloud compute networks subnets create sabneti-klasta \
  --network=mtandao-kuu --region=africa-south1 \
  --range=10.40.0.0/24 \
  --secondary-range=podi=10.44.0.0/19,huduma=10.41.0.0/22 \
  --enable-private-ip-google-access
```

Bendera ya mwisho inaziwezesha mashine zisizo na IP ya umma kufikia huduma za Google, ikiwemo hazina ya picha za kontena. Kisha klasta:

```
gcloud container clusters create klasta-kuu \
  --region=africa-south1 \
  --network=mtandao-kuu --subnetwork=sabneti-klasta \
  --enable-ip-alias \
  --cluster-secondary-range-name=podi \
  --services-secondary-range-name=huduma \
  --default-max-pods-per-node=64 \
  --enable-private-nodes \
  --enable-master-authorized-networks \
  --master-authorized-networks=203.0.113.25/32 \
  --num-nodes=1
```

Angalia hiyo `--num-nodes=1`. Klasta ya kanda hueneza nodi kwenye zoni tatu, na namba hii ni kwa kila zoni. Moja ni nodi tatu; ukiandika 3 utapata tisa, na bili ya tisa.

Mahali pa 203.0.113.25 weka IP ya kudumu ya ofisi. Anwani hiyo ndiyo itakayoruhusiwa kuongea na klasta kwa kubectl, programu ya kuipa klasta amri. Ikiwa mtoa huduma anabadilisha IP yenu kila ruta inapozimika, basi umeme ukikatika na kurudi, kubectl itaishia kwenye `i/o timeout`, na wengi huanza kulaumu klasta wakati kilichobadilika ni ofisi.

## Kutoka nje kwa anwani isiyobadilika

Nodi zetu hazina IP za umma, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ili zifike intaneti zinahitaji NAT, yaani mtambo unaobadilisha anwani za ndani kuwa za umma. Na hapa Tanzania kuna sababu ya pili ya kuijenga kwa makini: mifumo ya malipo ya benki na ya kampuni za simu huomba mapema anwani ambazo maombi yenu yatatokea, na maombi kutoka anwani nyingine hukataliwa. Kwa hiyo tenga anwani zenyewe, usiiachie Google ichague.

```
gcloud compute addresses create nat-1 nat-2 --region=africa-south1

gcloud compute routers create ruta-nat \
  --network=mtandao-kuu --region=africa-south1

gcloud compute routers nats create nat-klasta \
  --router=ruta-nat --region=africa-south1 \
  --nat-all-subnet-ip-ranges \
  --nat-external-ip-pool=nat-1,nat-2 \
  --min-ports-per-vm=2048
```

Wape wabia anwani zote mbili siku ya kwanza. Ukiwapa moja na baadaye NAT ikaanza kutumia ya pili, nusu ya malipo yatapita na nusu yatakataliwa bila mpangilio unaoeleweka.

Namba ya porti inastahili maelezo. Kila muunganisho kwenda anwani moja na porti moja ya upande wa pili unahitaji porti yake kwenye NAT. Mashine ya kawaida usipoitajia hupewa 64, na nodi ya GKE 1,024. Fikiria nodi yenye podi 40 zote zikiita mlango uleule wa malipo mwisho wa mwezi: porti zikiisha, utaona maombi yanakwama, kisha yanafaulu yakirudiwa. Anwani moja ya NAT ina porti 64,512. Kwa 2,048 kila nodi, anwani moja inahudumia nodi 31, na mbili zinahudumia 62. Klasta yetu inaweza kufika nodi 64, kwa hiyo tukikaribia 55 tutaongeza anwani ya tatu, na wabia wataarifiwa wiki kadhaa kabla.

Kwa upande wa kuingia, tenga pia anwani ya tovuti kwa `gcloud compute addresses create anwani-tovuti --global` na uitaje kwenye Ingress (mlango wa klasta wa kupokea maombi ya wavuti) kwa anotesheni `kubernetes.io/ingress.global-static-ip-name`. Bila hivyo, mtu akifuta Ingress na kuiunda upya, anwani inabadilika, na rekodi ya kikoa chenu cha .co.tz inaelekeza pasipo na mtu. Ukiandika faiwolo zako mwenyewe, ruhusu 35.191.0.0/16 na 130.211.0.0/22. Huko ndiko vipimo vya afya vya kisawazisha mzigo cha Google vinakotokea, na ukivizuia, podi nzima zitahesabiwa kuwa zimekufa.

## Kuunganisha na Kijitonyama

Tumia VPN yenye mahandaki mawili na BGP, lugha ambayo ruta hujulishana njia zenyewe. BGP inasambaza safu zote za sabneti, za podi zikiwemo, hata utakapoongeza mpya. Ukitumia njia za kuandikwa kwa mkono, utasahau moja, na itakuwa ya podi.

Nasi tunasisitiza podi kwa sababu hii: podi inapoita anwani ya ndani kama 192.168.10.5, GKE haibadilishi chanzo. Pakiti inafika ofisini ikiwa na anwani ya podi, mfano 10.44.3.17, si ya nodi. Kwa hiyo fundi anajaribu ping kutoka kwenye nodi, inapita. Anajaribu kutoka kwenye podi, kimya. Pakiti imefika vizuri, ila ruta ya Kijitonyama haijui njia ya kurudi 10.44.0.0/19, na inaitupa intaneti. Hakikisha njia ya 10.40.0.0/13 ipo kwenye ruta. Kisha fungua faiwolo ya ruta, kisha faiwolo ya seva. Na ikiwa stoo iko kwenye PostgreSQL, bado kuna mlango wa nne: faili la pg_hba.conf, linaloorodhesha nani anaruhusiwa kuingia. Ukisoma `no pg_hba.conf entry for host "10.44.3.17"`, furahi, maana mtandao wote unafanya kazi na kimebaki kipengele kimoja tu:

```
host   stoo   mfumo_oda   10.44.0.0/19   scram-sha-256
```

Tatizo jingine la VPN linadanganya zaidi. Ping inapita, kuingia kwenye hifadhidata kunapita, maulizo madogo yanajibiwa, lakini ripoti ndefu inaganda. Pakiti kubwa hazienei kwenye handaki baada ya IPsec, usimbaji wa VPN, kuongeza vichwa vyake. Punguza MSS (ukomo wa data katika pakiti moja ya TCP) kwenye ruta ya ofisi. Kwa MikroTik:

```
/ip firewall mangle add chain=forward protocol=tcp \
  tcp-flags=syn dst-address=10.40.0.0/13 \
  action=change-mss new-mss=1350
```

Ongeza ya pili inayofanana nayo yenye `src-address` badala ya `dst-address`, ili pande zote mbili zibanwe.

Mahandaki mawili yanalinda dhidi ya hitilafu ya mtambo, hayalindi dhidi ya waya wa baharini. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani iliyumba vibaya. Kama duka la Kariakoo haliwezi kuuza bila klasta, waulize watoa huduma wenu wawili wanapita waya upi. Wakijibu mmoja uleule, mna njia moja yenye bili mbili.

Benki inayokubali anwani moja tu ya ndani kupitia VPN yake haitapendezwa na safu ya podi 8,192. Weka mashine ndogo yenye anwani ya kudumu iwe wakala kati ya podi na benki. Ni rahisi kuieleza, na fundi wa benki ataikubali kwa simu moja.

## Kuhakiki

Kabla ya kuhamisha mzigo wowote:

```
kubectl get nodes -o custom-columns=JINA:.metadata.name,PODI:.spec.podCIDR

kubectl run jaribio --rm -it --restart=Never \
  --image=busybox:1.36 -- nslookup kubernetes.default.svc.cluster.local

kubectl run jaribio --rm -it --restart=Never \
  --image=curlimages/curl -- curl -s https://ifconfig.me
```

Amri ya kwanza ionyeshe /25 kwa kila nodi. Ukiona /24, ukomo wa 64 haukushika. Ya pili ijibiwe na DNS ya 10.41.0.10, anwani ya kumi ya safu ya huduma. Ya tatu irudishe nat-1 au nat-2. Ikirudisha kitu kingine, usiwaandikie wabia bado.

## Kwa walioko AWS na Azure

Kwenye EKS, Kubernetes ya AWS, podi huchukua anwani za sabneti ileile ya nodi, na ukomo unatokana na kadi za mtandao za mashine: idadi ya kadi, mara anwani za kila kadi kutoa moja, jumlisha mbili. Mashine ya t3.medium ina kadi 3 zenye anwani 6 kila moja, kwa hiyo ni podi 17. Ya m5.large ni 29. Aidha, kila nodi hushikilia kadi nzima ya akiba, na sabneti ya /24 inaweza kuisha ukiwa na podi chache tu. AWS nayo hushikilia anwani 5 kwa kila sabneti. Kuna njia ya kugawa vipande vya /28 badala ya anwani mojamoja, inayopandisha idadi ya podi sana, lakini inahitaji vipande vya anwani 16 zinazofuatana. Sabneti ya zamani iliyotawanyika itakataa hata ikiwa na mamia ya anwani huru. Anzisha sabneti mpya kwa ajili hiyo. Tofauti nyingine: trafiki inayotoka nje ya VPC (mtandao wako ndani ya AWS) hubadilishwa chanzo kuwa anwani ya nodi, isipokuwa umeweka `AWS_VPC_K8S_CNI_EXTERNALSNAT=true`. Kwa hiyo ofisini utaona nodi, si podi.

Azure CNI Overlay, njia ya Azure ya kuzipa podi mtandao, ni nyepesi zaidi: kila nodi hupewa /24 kutoka safu isiyo sehemu ya mtandao wa Azure, na nje huonekana anwani ya nodi. Ila ukiacha chaguo-msingi, safu ya huduma inakuwa 10.0.0.0/16. Ofisi yenye 10.0.0.0/24 itagongana nayo: podi inaweza kushindwa kuifikia seva ya ofisi.

## Anwani zikiisha tayari

Dalili ni podi zilizobaki `Pending`, kiongeza-nodi kinachojaribu na kushindwa, na neno `IP_SPACE_EXHAUSTED` kwenye logi. Usiunde klasta upya. Ongeza safu ya podi kutoka kwenye ile akiba, kisha kundi jipya la nodi linaloitumia:

```
gcloud compute networks subnets update sabneti-klasta \
  --region=africa-south1 \
  --add-secondary-ranges=podi-2=10.44.32.0/19

gcloud container node-pools create kundi-b \
  --cluster=klasta-kuu --location=africa-south1 \
  --pod-ipv4-range=podi-2 --max-pods-per-node=64 --num-nodes=1
```

Tumekata akiba hiyo ndani ya /13 makusudi, kwa hiyo ruta ya Kijitonyama haiguswi. Lakini pg_hba.conf inajua 10.44.0.0/19 peke yake. Ongeza mstari wa 10.44.32.0/19 na upakie upya PostgreSQL kabla podi ya kwanza haijatua kwenye kundi jipya. Vinginevyo oda zitapita au kugoma kutegemea podi imeangukia nodi ipi. Kama kundi la zamani lilikuwa na ukomo wa 110, hamisha podi zake nodi moja baada ya nyingine kwa `kubectl drain --ignore-daemonsets --delete-emptydir-data`, usiku ambao Kariakoo imefunga, kisha ulifute, na vipande vyake vya /24 vitarudi kwenye safu.